Mgongo Ukialika: Je, Ni Kweli Mfupa Umerudi?

Hamali anayepakua saruji gatini Lamu, au mkata boriti anayeinama kutwa katika matope ya mikoko, akishikwa na kiuno huambiwa kwanza kwamba mfupa umeruka. Hulazwa jamvini, hupakwa mafuta ya simsim na kuchuliwa, kisha hupindwa mpaka mgongo ualike, na akiinuka akajiona mwepesi, wote walioketi barazani hushuhudia kwamba mfupa umerudi. Wepesi huo ni wa kweli, wala simkanushii mtu alichokihisi mwilini mwake. Maelezo yake ndiyo yenye makosa, nayo humdhuru mgonjwa kuliko inavyodhaniwa.

Dhana: pingili iliyohama hurudishwa mahali pake

Pingili za uti wa mgongo zimeshikwa kwa diski, kano ngumu na tabaka za misuli, na haziruki kwa sababu mtu aliinua gunia vibaya. Pingili ikivunjika au kuhama ghafla, kama kwa aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, huyo ni wa kupelekwa hospitali bila kuguswaguswa. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden walipima kwa eksirei za usahihi mkubwa kiungo kinachounganisha nyonga na uti wa mgongo, kabla na baada ya kunyooshwa. Waliowapapasa wagonjwa kwa mikono waliona kwamba kiungo kimekaa sawa, ilhali vipimo vilionyesha kwamba mifupa haikubadili mahali pake.

Kilichobadilika ni habari zinazopita katika mishipa ya fahamu. (Lugha yetu huita kwa jina moja la mshipa kitu kipitishacho damu na kipitishacho hisia, na pengine hata kano, ndiyo maana maneno "mshipa umebanwa" huchanganya wengi.) Msukumo wa haraka huvuta misuli midogo ya mgongo na vifuko vya viungo, na vipokezi vilivyomo humo hupeleka mawimbi ya habari kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba katika ugwe huo pana mfano wa lango, ambapo habari za maumivu huweza kupunguzwa kasi na habari nyingine za hisia, pamoja na amri zishukazo kutoka kwenye ubongo. Vipengele kadhaa vya nadharia yao vimerekebishwa tangu hapo, lakini msingi wake umesimama: maumivu huongezwa au hupunguzwa yakiwa njiani.

Hili hupimwa. Kifaa hukandamizwa mwilini polepole hadi mtu aseme kwamba sasa mgandamizo umekuwa maumivu, na katika majaribio kadhaa watu walionyooshwa mgongo walistahimili mgandamizo mkubwa kidogo kuliko awali. Badiliko hilo kwa kawaida ni dogo na la muda mfupi.

Maneno nayo yana nguvu yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008 huko Marekani, watu wenye afya waligawanywa kwa bahati nasibu wakaelezwa mambo tofauti kabla ya kunyooshwa, na wale walioandaliwa kutarajia mabaya walihisi maumivu zaidi kiuno chao kilipopimwa. Kwa hiyo mkandaji anayemwambia hamali kwamba mfupa wake umetoka anampa hofu, na hofu hiyo humfanya aogope kuinama, ajilaze siku nyingi, na mgongo uzidi kukakamaa.

Dhana: pasipo mlio hakuna tiba

Mlio hutokana na tundu la gesi linalotokea ghafla katika ute wa kiungo kinapovutwa. Watafiti wa Kanada walilionyesha mwaka 2015 kwa picha za MRI za viungo vya vidole. Nafuu haikuonekana kutegemea kusikika kwa mlio huo.

Dhana: mgongo ukinyooshwa, maradhi yote hupona

Dai hili ni la tangu D. D. Palmer, aliyeanzisha Marekani mwaka 1895 tiba ya kunyoosha mgongo iitwayo chiropractic na kudai kwamba asilimia 95 ya maradhi yalitokana na pingili kukaa vibaya. Hakuna ushahidi kwamba kunyoosha mgongo huponya kisukari au pumu. Kwa maumivu sugu ya kiuno, mapitio ya mwaka 2019 yaliyojumlisha majaribio 47 yalikuta kwamba tiba hii hutoa nafuu inayokaribiana na ya tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Naona basi saa zile za wepesi zitumiwe kutembea na kuurudisha mwili katika mwendo wake.

Dhana: kunyoosha mgongo hakuna madhara kwa yeyote

Wengi huumwa siku moja au mbili tu, kisha hutulia. Shingo ni jambo jingine: ni nadra, lakini kuna waliopasuka ukuta wa ateri, yaani mshipa wa damu uendao kwenye ubongo, wakapata kiharusi. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda apimwe kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, na bibi ambaye mifupa yake imedhoofika asipindwe kamwe. Anayepata ganzi katikati ya mapaja, anayeshindwa kukojoa, au ambaye miguu inalegea, asichuliwe hata kidogo. Akiwa Faza au Kiwayu, atafutiwe boti siku hiyo hiyo.