Posta ya juu haipunguzi ada ya mnada

Miongoni mwa wauzaji wa mara moja moja wa eBay, soko la mtandaoni, nchini Marekani, bado wapo wanaoamini kwamba ukiweka bei ya bidhaa kuwa dola 1 na gharama ya posta kuwa dola 19, utakatwa ada kwa ile dola 1 tu. Zamani imani hiyo ilikuwa na msingi, lakini tangu mwaka 2011 ada ya mauzo hukokotolewa pamoja na posta, na siku hizi hata kodi ya mauzo anayolipa mnunuzi huhesabiwa humo, ingawa muuzaji haipati mkononi, jambo ambalo naona linastahili kuelezwa wazi zaidi. Kwa hiyo ukiuza kwa dola 20 na posta ya bure, ada ni ileile.

Ada ya kuorodhesha, yaani ya kuweka bidhaa sokoni, kwa kawaida haimgusi muuzaji mdogo, kwa kuwa hupewa nafasi za bure za kuorodhesha kila mwezi. Kinachomuumiza ni kukisia gharama ya posta: posta hutoza vifurushi vingi kwa uzito na umbali, hivyo anayeuza sufuria ya chuma akiwa New York aipime ikiwa imekwisha kufungwa, kabla ya kutangaza bei, maana mnunuzi anaweza kuwa California.