"Nimeongeza maswali mawili ya wazi mwishoni": dhana potofu kuhusu utafiti mseto wa masomo ya mtandaoni

Dhana: "Nina dodoso, nina mahojiano, kwa hiyo utafiti wangu ni mseto."

Hapana. Utafiti mseto huchanganya namba na maneno ya watu ili vielezane, na kubandika maswali mawili ya wazi mwishoni mwa dodoso hakutoshi. Wewe una tafiti mbili ndogo zilizobanwa kwa pini moja. Kila msimu wa kukabidhi tasnifu, sura ya nne, ile ya matokeo, inakuja ileile: nusu ya kwanza majedwali ya SPSS (programu ya takwimu), nusu ya pili nukuu za waliohojiwa, na hakuna ukurasa hata mmoja ambapo hizo mbili zinasalimiana. Utafiti unakuwa mseto pale zinapokutana, na pa kukutania hupangwa kwenye pendekezo la utafiti, si usiku wa kuamkia kukabidhi.

Tuseme una kozi moja kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, wanafunzi 280, wiki 12. Pakua logi, yaani kumbukumbu ya nani alifanya nini kwenye mfumo na saa ngapi, kwa muundo wa CSV (faili la jedwali), kisha hesabu kila mwanafunzi ameonekana kwenye wiki ngapi kati ya hizo 12. Mibofyo iache: anayepapasa kutafuta faili hubofya kuliko anayejua lilipo. Weka idadi ya wiki kando ya alama za mtihani, kila kipimo ukigawe nusu ya juu na nusu ya chini. Utapata pembe nne. Walioingia kila wiki wakafaulu hawana la kukushangaza. Utamu uko kwa walioingia kwa nadra wakafaulu, na walioingia kila wiki wakafeli. Hao hoji watano watano, na kwenye pembe mbili zilizobaki chukua wawili watatu wa kulinganishia. Hapo namba zimekuchagulia watu wa kuongea nao, na maneno yao yanarudi kueleza namba zilezile.

Mpango huu mara nyingi hufia kwenye dodoso lisilo na utambulisho. Mtafiti anajisifu kwamba dodoso lake halina majina, kisha anakuta hawezi kuliunganisha na logi, wala na alama, wala kumpata wa kumhoji. Mpe kila mshiriki namba ya kumtambulisha badala ya jina, orodha ya majina na namba ikae kwenye faili lake peke yake lenye nenosiri, na fomu ya ridhaa itaje waziwazi kwamba utasoma logi na alama zake. Aliyekubali kujaza dodoso hajakubali kupekuliwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kisingizio cha "sikujua" hakipo tena.

Baada ya uchambuzi, chora jedwali la safu tatu: namba inasema nini, watu wanasema nini, wewe unahitimisha nini. Safu ya tatu ikikushinda kuijaza, bado hujachanganya kitu. Na zikigombana usifiche upande mmoja, maana ugomvi ndio mavuno yenyewe. Mfano: kauli "Nimeridhika na mfumo wa kujifunzia" ina wastani wa 4.1 kati ya 5, lakini kwenye mahojiano watu wanalalamika kwamba Moodle haifunguki kwenye simu zao. Uliza upya, "Ulipojaza 'mfumo' ulikuwa unafikiria nini?" Huenda wakakujibu: kundi la WhatsApp la darasa. Ina maana 4.1 yako ilikuwa inapima kitu kingine kabisa, na dodoso peke yake lisingekwambia hata ungelipeleka kwa watu elfu.

Dhana: "Logi haidanganyi."

Haidanganyi, ila haioni mengi. Inaandika tukio na saa lilipotokea. Haijui kama mtu alisoma au aliacha ukurasa wazi akaenda kupika. Mmoja akipakua PDF na kuirusha kwenye WhatsApp, logi inaonyesha msomaji mmoja hata kama wamesoma thelathini. "Muda aliotumia" ni makadirio yako wewe kutokana na nafasi kati ya tukio na tukio, kwa hiyo andika ulikata wapi: dakika 30 za kimya, au ngapi.

Dhana: "Aliyekatisha kozi ameshindwa."

Kwenye kozi 17 za kwanza za HarvardX na MITx, kozi za mtandaoni za vyuo vikuu vya Harvard na MIT, 2012 hadi 2013, kulikuwa na usajili 841,687 na vyeti 43,196. Lakini kuna 35,937 waliopitia nusu ya kozi au zaidi bila kuchukua cheti. Utawaitaje hao? Logi haina jibu, waulize. Na tafadhali, usiwapelekee waliokatisha kozi dodoso lako kupitia mfumo uleule waliouacha, halafu ushangae majibu yote yanatoka kwa waliobaki.

Dhana: "Wa kuhojiwa nao watoke kwenye jedwali la Krejcie na Morgan."

Jedwali hilo la 1970 la ukubwa wa sampuli, lile linalosema kundi la watu 1,000 lichukuliwe sampuli ya 278, ni la kukadiria uwiano kwenye kundi zima. Mahojiano hayakadirii uwiano. Kwa kundi la watu wanaofanana, mahojiano 12 hadi 16 mara nyingi hutosha. Ukiona matatu mfululizo hayaleti jambo jipya, simama. Kwa sababu hiyohiyo, acha kuandika "asilimia 60 ya waliohojiwa" wakati uliongea na watu kumi. Andika sita.

Dhana: "Mahojiano ni sehemu nyepesi, nitayamaliza wiki moja."

Mahojiano 15 ya dakika 45 ni sauti ya saa 11 na robo. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuinakili, kwa hiyo ni saa 45 hadi 67 na nusu kabla hujaweka msimbo wa kwanza, yaani lebo ya kupanga maneno ya waliohojiwa kwa mada. Kama hauna muda huo, fanya dodoso peke yake na ulifanye vizuri, na hilo neno "mseto" ulitoe kwenye kichwa cha tasnifu.