Shakespeare kwa lugha 37: yanayosemwa na yalivyo

Kuanzia 21 Aprili hadi 9 Juni 2012, jukwaa la Globe mjini London, lililojengwa kuiga lile la enzi za Shakespeare, lilipokea tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Tamasha lenyewe liliitwa Globe to Globe. Kulikuwa na Kimaori, Kishona, Kiyoruba, Kiurdu, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili pia kilikuwemo: The Merry Wives of Windsor iliyoandaliwa na kikundi cha Bitter Pill cha Uingereza pamoja na The Theatre Company ya Nairobi, huku Mrisho Mpoto wa Tanzania, yule Mjomba wa mashairi, akicheza Falstaff. Miaka imepita, lakini yanayosemwa kuhusu matamasha ya aina hii ni yale yale, na mengi hayana mashiko.

"Kama hujui Kiingereza utatoka kapa"

Mwaka 2012 jambo lilikuwa kinyume kabisa. Kiingereza kilipewa nafasi ndogo: Henry V ya wenyeji wa Globe, na Othello ya Q Brothers wa Chicago iliyoghanwa kwa mtindo wa hip-hop. Anayejua Kiingereza peke yake ndiye aliyekuwa mgeni siku nyingi. Kwenye skrini ndogo kando ya jukwaa kulikuwa na muhtasari wa kila onyesho tu: nani anaingia na anataka nini. Mazungumzo yenyewe hayakutafsiriwa.

Wengi walidhani huo ni ubahili. Lakini anayejua kazi ya kutafsiri mstari kwa mstari juu ya jukwaa ataelewa. Maandishi ya aina hiyo hubeba mistari miwili kwa mara moja, kila mmoja wa herufi kama 35 hadi 40, na kuna mtu anayebonyeza kitufe akimfuata mwigizaji. Mwigizaji akiruka mistari mitatu, fundi naye lazima airuke papo hapo, la sivyo maandishi yanabaki nyuma na ukumbi mzima unasoma maneno ya mtu aliyekwisha kutoka. Vichekesho ndivyo vinavyoumia zaidi. Macho hukimbia kuliko sauti, kwa hiyo watu hucheka kabla mwigizaji hajamaliza, naye anabaki na nusu ya utani mdomoni. Tena mtu anayesoma juu hatazami chini.

Chukua onyesho la tenga katika hiyo ya Windsor. Falstaff, mnene na mwingi wa tamaa, ameandika barua mbili za mapenzi zilizofanana neno kwa neno, akazipeleka kwa wanawake wawili, wake za watu, marafiki wa kufa na kuzikana. Wameonyeshana barua. Wamemwita. Mume mwenye wivu anabisha hodi, na Falstaff anasukumiwa ndani ya tenga la nguo chafu, anafunikwa mashuka, watumishi wanalibeba hadi mtoni na kulimwaga. Hapo nani anahitaji kutafsiriwa? Kazi iko kwenye tenga lenyewe: chini lazima liwe na ubao, mishikio ifungwe kwa boliti kwenye ule ubao na si kwenye ukindu, na kifuniko kipitishe hewa. Mshikio ukifungwa kwenye ukindu, utachomoka siku ya onyesho mbele ya watu, na kichekesho kitageuka kumkimbiza mtu hospitali.

Kuna mfano mgumu zaidi. Love's Labour's Lost ni tamthilia iliyojaa kuchezea maneno kuliko karibu zote, nayo ndiyo iliyopewa kikundi cha viziwi, Deafinitely Theatre, wakaicheza kwa Lugha ya Alama ya Uingereza.

"Shakespeare wa Kiswahili lazima awe na vina"

Dhana hii inatoka nyumbani. Tumezoea kwamba shairi ni vina na mizani, basi mtu akisikia Shakespeare ni mshairi anaanza kutafuta vina. Sehemu kubwa ya mashairi ya tamthilia zake haina vina kabisa. Ina mapigo: mstari wa kawaida una silabi 10, pigo likiangukia kila silabi ya pili, na la mwisho likifunga mstari. Mwalimu Nyerere alilielewa hilo alipotafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963 na baadaye, 1969, ikatoka upya baada ya kurekebishwa kwa jina la Juliasi Kaizari. Samuel Mushi alileta Makbeth 1968 na Tufani 1969. Mabepari wa Venisi ya Mwalimu nayo ni ya 1969, na jina lake peke yake ni somo. Asili, The Merchant of Venice, inamtaja mfanyabiashara mmoja. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, mfanyabiashara huyo akawa mabepari, tena wengi. Hilo ni wazo la kiuongozaji lililokaa kwenye jalada kabla mwigizaji yeyote hajafungua mdomo.

Ugumu wa Kiswahili uko kwingine. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mstari wa Kiswahili humalizika kwa kushuka pale ambapo wa Kiingereza hupiga na kufunga. Na maneno yetu ni marefu. Ule mstari wa Hamlet unaojulikana kuliko yote una silabi 11 kwa Kiingereza. Jaribu: "Kuwa au kutokuwa, hilo ndilo swali." Hesabu, ni 14. Zaidi kidogo ya robo imeongezeka, na bado hatujagusa hotuba nyingine. Anayeng'ang'ania mizani 10 atakata maana. Anayeng'ang'ania maana atakuwa na igizo refu kuliko la asili. Walio wazoefu hukubali urefu, halafu wanapunguza mistari.

Lakini lugha yetu nayo ina zawadi yake, na hii husemwa mara chache. Katika Twelfth Night, Viola anajivika nguo za kiume na tamthilia nzima inachezea siri hiyo. Kiingereza kila mara kinalazimishwa kuchagua neno la kike au la kiume. Kiswahili kinasema "anampenda", basi. Siri inajitunza yenyewe. Hatari imejificha kwenye maneno mengine: bwana, bibi, kaka, dada, shemeji, mama. Mtafsiri akiteleza akaweka "dada" mahali pasipo pake, ameshamvua Viola nguo mbele ya watu. Na kama ilivyo kawaida yetu, heshima na dharau havikai kwenye "wewe" bali kwenye salamu na majina ya kuitana. Shikamoo iliyonyimwa jukwaani inaweza kubeba tusi ambalo Shakespeare alilitumia mistari mitatu kulisema.

"Kupunguza mistari ni kumkosea marehemu"

Kwa kipimo cha kawaida cha jukwaani, saa moja hula mistari 900 hadi 1,000 ya kishairi. Hamlet ikiunganishwa matoleo yake ina mistari karibu 4,000, yaani zaidi ya saa nne. The Comedy of Errors, fupi kuliko zote, ina kama 1,800. Vikundi vya 2012 vilitakiwa kumaliza kwa muda wa saa mbili na dakika 15 hivi. Piga hesabu: aliyepewa Hamlet anatupa karibu nusu, aliyepewa The Comedy of Errors anaweza asiguse kitu.

Shakespeare mwenyewe aliacha matoleo ya Hamlet yanayotofautiana kwa urefu, na hadithi nyingi alizichukua kwa wengine akazikata na kuzishona upya. Swali la maana ni unakata wapi. Utani wa maneno uliokufa kwa Waingereza wenyewe ndio uanze. Wahusika wa pembeni wafuate, lakini kwa tahadhari. Wengi humwondoa Fortinbras, mwana wa kifalme wa Norwei, katika Hamlet kwa sababu haonekani sana, kisha siku ya mazoezi ya mwisho wanagundua ukumbi mzima wa kifalme umekufa na hakuna aliyebaki kurithi kiti. Kata kwa kusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, hutanaswa na mtego huo.

"Ubunifu ni kuwavalisha suti na kuwapa simu"

Hii ndiyo inayoharibu maonyesho mengi, na inatoka kwa waongozaji wenyewe. Romeo na Juliet wa leo, wenye simu mkononi: sawa. Ila msiba wote wa mwisho unasimama juu ya barua moja isiyofika, kwa sababu mtawa aliyepewa aipeleke alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Ukishampa Romeo simu, ueleze kwa nini Juliet hakumpigia. Mtandao hakuna? Simu imekamatwa na baba? Jibu likiwa zuri, umetengeneza igizo jipya. Lisipokuwepo, umebadilisha nguo tu, na mtoto wa darasa la saba atakuuliza hilo swali wakati wa mapumziko.

Na maleba ya kisasa wala si uvumbuzi wa leo. Waigizaji wa enzi za Shakespeare walivaa zaidi nguo za wakati wao. Katika Julius Caesar saa ya kengele inagonga, Roma, karne nyingi kabla ya saa za aina hiyo kutengenezwa.

Ubunifu wenye uzito ni ule unaozaa maana. Sehemu tatu za Henry VI, hadithi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, zilipewa vikundi vya Serbia, Albania na Masedonia. Hakuna bunduki iliyohitajika jukwaani kumkumbusha mtazamaji vita vya Balkani, eneo la nchi hizo.

"Bila mandhari na taa hakuna onyesho"

Globe ya sasa, iliyofunguliwa 1997, ina paa la nyasi linalofunika jukwaa na vibaraza, na katikati ni wazi. Maonyesho ya jioni huwashwa taa za kuiga mwanga wa mchana, kwa hiyo mwigizaji anamwona mtazamaji usoni na mtazamaji anaonana na mwenzake. Hakuna kuzima taa ili kubadilisha onyesho. Jukwaani kuna nguzo mbili nene zinazokinga macho ya watu, na anayesimama palepale kwa hotuba nzima amewanyima wengine sura yake. Inabidi ahame, na kuhama bora ni kwa mshazari, kutoka pembe ya mbele hadi mlango wa nyuma wa upande wa pili. Aliyezoea kipaza sauti hujikuta anapiga kelele. Dawa ni kutamka konsonanti kwa ukali na kumalizia neno, maana silabi ya mwisho ndiyo inayopotea hewani. Na kwetu mwisho wa neno ndio unaotenga "alimpiga" na "alimpigia".

National Theatre of China walileta Richard III kwa Kimandarini. Kontena lao lenye maleba na vifaa likachelewa baharini, likakosa onyesho. Wakacheza kwa nguo za kuazima, na igizo likasimama. Two Gents, Wazimbabwe wawili, walicheza The Two Gentlemen of Verona kwa Kishona wakiwa wawili tu kwa wahusika wote. Kwa anayesafiri, funzo ni la mzigo zaidi kuliko la sanaa: igizo liwe na toleo linaloingia kwenye mabegi ya kilo 23, na kile kifaa ambacho bila hicho hakuna hadithi, barua, leso ya Desdemona katika Othello, pete, kisafiri kwenye begi la mkononi. Kisu usikipange humo. Kitabaki uwanja wa ndege.

"Kusimama ni kwa walalahoi"

Uwanja wa Globe unachukua watu kama 700 wa kusimama, na mwaka 2012 walilipa pauni 5. Hao ndio walio karibu kuliko wote. Wa mbele wanaegemea jukwaa. Mwavuli hauruhusiwi, mvua ikinyesha ni koti. Vaa viatu vya chini, visigino virefu viache.

"Amekufa zamani, chukua tu"

Maneno ya Shakespeare hayana mwenye haki. Tafsiri inaye. Chini ya mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtafsiri, na Mwalimu alifariki 1999, kwa hiyo kuipeleka Mabepari wa Venisi kwenye tamasha bila ruhusa ni kosa hadi 2049 kwa uchache. Kikundi kinachotafsiri upya nacho kiandikiane na mtafsiri mapema: nani anamiliki, na nani analipwa igizo likialikwa nchi nyingine. Ugomvi wa jambo hili huanza pale mwaliko wa pili unapofika.

"Ni mambo ya London"

Craiova, Romania, wana tamasha la kimataifa la Shakespeare tangu 1994. Gyula, Hungaria, wanacheza kwenye ngome. Neuss, Ujerumani, wana Globe yao ndogo pembeni ya uliokuwa uwanja wa mbio za farasi. Gdańsk, Poland, palipokuwa na waigizaji wa Kiingereza tangu karne ya 17, walifungua mwaka 2014 ukumbi ambao paa lake linafunguka kwa dakika chache na kuacha anga juu ya jukwaa. Kikundi kinachoomba nafasi huko kiulize swali moja kabla ya mengine yote: siku yetu, paa litakuwa wazi au limefungwa? Igizo lililopangwa kwa giza halichezeki saa tisa alasiri chini ya jua.