“Si Nilikuwa Nimesevu?”: Dhana Potofu Kuhusu Wi-Fi Iliyo Kwenye Kompyuta Yako

“Lakini fundi, si nilikuwa nimesevu?” Swali hilo nimeulizwa mara tatu wiki hii, na mara zote tatu laptopu ilinijia ikiwa imeshafomatiwa. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kazi ya kuweka Windows 11 haiishi, kuanzia vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi huku mitaani. Mteja anakopi picha za harusi, anakopi CV, anakopi risiti za karo, kisha anasema tuendelee. Wi-Fi haimjii akilini kabisa, kwa kuwa anaamini iko salama ndani ya mashine.

Dhana: kompyuta ikishakumbuka nenosiri, basi limehifadhiwa.

Hapana. Limekumbukwa na Windows hiyo, kwenye diski hiyo, na diski ikifutwa linaenda nayo. Ukipandisha Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufuta kitu, mitandao yako hubaki. Ukifomati, inaondoka yote, na kukopi folda ya Documents hakusaidii lolote kwa sababu haikai humo.

Juni iliyopita, siku chache kabla ya tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, alinijia mhasibu anayezungukia wateja wake: leo Westlands, kesho Industrial Area, keshokutwa Mombasa Road. Laptopu yake ilikuwa inajua mitandao kumi na minne. Ilifomatiwa Jumamosi, na Jumatatu akawa anasimama mapokezini ofisi baada ya ofisi akiomba manenosiri. Kwingine mwenye kulijua alikuwa likizo. Kwingine ruta iliwekwa na fundi aliyekwisha kuhama, na hakuna aliyewahi kuandika chochote. Kazi ya dakika mbili ingemwokolea siku hizo zote, na kazi yenyewe ni hii. Tengeneza kwanza folda iitwayo wifi kwenye flashi, fungua dirisha la kamandi (Command Prompt) kwa haki za administreta, yaani “Run as administrator”, kisha andika (ikiwa flashi yako ni E):

netsh wlan export profile key=clear folder=E:\wifi

Kila mtandao utatoka kama faili lake dogo la XML. Kamandi za netsh wlan zimekuwepo tangu Windows Vista, kwa hiyo hata ile laptopu ya ex-UK uliyonunua miaka mingi iliyopita inazo. Usipakue programu yoyote ya kukufanyia kazi hii.

Wapo wanaojaribu wenyewe, nao nawaheshimu, ila wengi hunaswa mahali pamoja. Wanaingia C:\ProgramData\Microsoft\Wlansvc, wanakopi mafaili ya humo, wanaona wamemaliza. Au wanaandika kamandi niliyotaja lakini wanaacha maneno key=clear. Kote kuwili nenosiri linabaki limesimbwa kwa ufunguo wa mashine ile ile, na kwenye Windows nyingine halifunguki. Jina la mtandao utalileta, nenosiri halitakuja nalo. Kuna na wa tatu: ameandika key=clear vizuri kabisa, lakini hakufungua dirisha kwa haki za administreta. Faili linatoka, halina kasoro kwa kulitazama, na nenosiri ndani limefungwa vile vile. Hii ndiyo inayoniumiza roho, maana mtu amefanya bidii na bado atapoteza.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu yeyote afute diski, fungua faili moja kwa Notepad utafute neno keyMaterial. Ukiliona nenosiri lako hapo, linasomeka herufi kwa herufi, endelea. Ukiona msururu mrefu wa herufi na namba usiokuwa na maana, simama, urudie. Mimi sifomati laptopu ya mteja kabla sijafanya hivyo mbele yake, hata akiwa na haraka ya kuwahi matatu.

Kurudisha ni rahisi zaidi. Kwenye Windows mpya, dirisha la kamandi kwa haki za administreta:

for %f in (E:\wifi\*.xml) do netsh wlan add profile filename="%f" user=all

Ikikujibu kwamba hakuna kadi ya Wi-Fi kwenye mashine, usiyalaumu mafaili. Windows mpya mara nyingine haina draiva ya kadi yako, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia, na bila kadi hakuna pa kuiweka mitandao hiyo. Pakua draiva mapema kutoka kwa watengenezaji wa laptopu, uiweke kwenye flashi ile ile. Nasisitiza: flashi ile ile. Bila hiyo utajikuta unahitaji intaneti ili upate draiva, na unahitaji draiva ili upate intaneti.

Dhana: ruta ikibonyezwa kile kitufe cha kwenye tundu, kila kitu kinarudi sawa.

Nenosiri linarudi kuwa lile la kibandiko chini ya ruta, ni kweli. Lakini mipangilio aliyoiweka mtu wa kampuni ya intaneti inaweza kufutika pamoja nalo. Wi-Fi utaipata, intaneti huna, na sasa unasubiri fundi wao. Angalia simu kwanza: Android 10 na zilizofuata huweza kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao ambao simu imeunganishwa nao, na mara nyingi nenosiri limeandikwa chini yake.

Dhana: “Network reset” ya Windows ni kama kuzima na kuwasha.

Inafuta mitandao yote iliyokumbukwa na kuiweka upya kadi. Hifadhi kwanza, ndipo ubonyeze.

Dhana: eduroam, ile Wi-Fi ya chuo unayoingia kwa jina na nenosiri lako, itarudi kama Wi-Fi ya nyumbani.

Wasifu wake utatoka na utarudi, lakini jina lako la mtumiaji na nenosiri la chuo havimo kwenye faili. Wanafunzi, yaandikeni kando.

Dhana: nenosiri limefichwa kwa vidoti, hakuna awezaye kuliona.

Yeyote mwenye haki za administreta kwenye laptopu yako anaweza kulisoma kwa kamandi moja. Ukiiuza bila kuifuta, mnunuzi amepata na Wi-Fi ya ofisi yenu. Vivyo hivyo mafaili uliyotoa kwa key=clear: ni manenosiri yaliyo wazi. Usiyatume kwenye grupu la WhatsApp la kazini, usiyaache kwenye kompyuta ya saiba, na flashi hiyo usiipeleke kuchapishia hati. Ukishayarudisha na kuona laptopu imeunganishwa, yafute, au yaweke kwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows yenyewe.