Siku Tatu za Pwani na Mbwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, binamu yangu aliteremka kutoka Nakuru na familia yake kuja kupumzika Bamburi, Mombasa, kwa siku tatu, na safari hiyo akamleta pia Bosko, mbwa wake wa miaka minne mwenye manyoya mazito. Siku ya pili, saa saba mchana, Bosko alianguka kwenye mchanga wa ufuo wa umma, ulimi umetoka wote na fizi zimeiva nyekundu kama ubuyu wa kutiwa rangi. Alipona, lakini nusura tumpoteze kwa mambo ambayo kila mmoja wetu aliyaamini kwa dhati, na ambayo nayasikia kila msimu wa likizo, kwa wageni na kwa sisi wenyeji pia.

Dhana: Upepo wa bahari unamtosha mbwa

Upepo unatuburudisha sisi kwa sababu tunatoka jasho mwili mzima, na jasho linapokauka huondoka na joto. Mbwa hakuumbwa hivyo. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo na msaada wake ni mdogo, kwa hiyo hujipoza kwa kutweta: hewa hupita upesi juu ya ulimi na njia ya pumzi iliyolowa, unyevu ukageuka mvuke, na mvuke ukachukua joto la mwili. Njia hiyo hufanya kazi vizuri penye hewa kavu. Mombasa, ambako chumvi hulowa ndani ya kikopo chake hata kikiwa kimefunikwa, hewa yenyewe imekwisha kushiba unyevu, na mbwa anaweza kutweta kwa bidii yote asipate nafuu ya maana, huku mwenyewe amekaa pembeni akisifu upepo.

Ufupi wa likizo nao ni hatari. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa mbwa aliyetoka huko huhitaji siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kuzoea joto la pwani. Mapumziko ya siku tatu huisha kabla mazoea hayo hayajaanza, na kwa kuwa siku ni chache, watu hutaka kuzijaza: ufuoni asubuhi, ufuoni mchana, ufuoni jioni. Mbwa hatakataa. Bosko alikimbilia mpira mpaka miguu ikamlegea, kwa sababu mbwa anayempenda mwenyewe hajui kusema basi. Wenye pua bapa, wanene na wazee huzidiwa mapema zaidi, na hao heri wabaki nyumbani na mtu anayewafahamu.

Mchanga nao upimwe. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake kwa sekunde 7; ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua.

Dhana: Aliyezidiwa na joto hufunikwa taulo bichi, na maji baridi humshtua

Hili tulilifanya wenyewe. Tulimfunika Bosko taulo lililoloweshwa, tukaona tumemsitiri, kumbe baada ya dakika chache taulo lilikuwa limepata joto la mwili wake na limegeuka blanketi. Daktari wa mifugo tuliyempigia simu hakutaka hata kusikia maelezo marefu. “Toeni hilo taulo kwanza,” alisema. “Mmwagieni maji, msisite, na mmpepee. Mkishamaliza hilo ndipo mtafute gari.”

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Likipita 41, ubongo, figo na matumbo huanza kudhurika, na kila dakika ina thamani yake. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa kumwagiwa, ya bomba au ya bahari, hasa tumboni, kwenye makwapa na kati ya mapaja, pamoja na upepo wa kupepea. Khofu ya kwamba maji baridi yatamuua ndiyo inayochelewesha msaada. Vijana wawili waliokuwa wakiuza madafu walituletea ndoo zao, na leso ya shemeji yangu ikawa pepeo. Asimiminiwe maji mdomoni ikiwa hana fahamu, na hata akisimama apelekwe kwa daktari, maana madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baadaye.

Dhana: Akinywa maji ya bahari atatapika, yaishe

Kiasi kidogo huishia hapo kweli. Akiyanywa mengi kwa kiu, chumvi hupanda kwenye damu, naye huharisha, hutetemeka, na hali ikizidi hupata kifafa. Chukua maji matamu na bakuli. Pia usimwache aokote samaki waliotupwa na maji: bunju ana sumu hata akiwa amekufa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Dhana: Gari likiwa kivulini na dirisha wazi kidogo, mbwa yu salama

Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani ya gari lililosimama joto linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 tu, na dirisha lililofunguliwa kidogo halibadilishi sana. Kivuli nacho huhama. Anayengojea zamu kwenye foleni ya feri ya Likoni ajue kwamba gari lililozimwa injini ni tanuri kwa aliye kiti cha nyuma.

Dhana: Watu wa Mombasa wanawachukia mbwa kwa sababu ya dini

Hapa wageni hukosea na kuudhika bure. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi ya kuoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hilo ni jambo la twahara, si chuki. Kurani yenyewe inaruhusu windo la mbwa waliofunzwa, na Hadithi inamtaja mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Jioni ya kwanza Bosko alimwendea mzee mmoja na pua yake mbichi. “Mwanangu, mshike mbwa wako, naenda kuswali,” akasema, akiikusanya kanzu yake. Binamu yangu akaomba radhi, akavuta kamba, na mzee akaendelea na njia yake. Laiti pua ile ingemgusa, angelazimika kurudi nyumbani.

Dhana: Mbwa wa nyumbani hana haja ya cheti cha chanjo

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka, na cheti kisafiri naye. Akimng’ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila pilipili wala mafuta, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo hata kama cheti kipo.

Dhana: Likizo ikiisha salama, imeisha

Ugonjwa unaoletwa na kupe unaweza kuchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujionyesha, na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu huchukua miezi 6 au zaidi kuonekana kwenye vipimo. Wiki ya tatu baada ya kurudi Nakuru, Bosko alikataa chakula na fizi zake zikapauka. Kupe wako Nakuru pia, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kwamba aliwapata kwetu, lakini binamu yangu alipomwambia daktari wa kule kwamba mbwa alikuwa Mombasa, daktari aliagiza damu ipimwe kabla hajauliza jambo jingine.