Je, Marekani ilinunua ardhi tupu mwaka 1803?

Simulizi inayojulikana ni hii: mwaka 1803 Marekani ilinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, ikapata ardhi tupu iliyoongeza ukubwa wa nchi karibu maradufu, na Wamarekani wote wakashangilia.

Bei na mwaka ni sahihi. Ila sehemu kubwa ya eneo hilo, kuanzia Mto Mississippi hadi Milima ya Rocky, ilikuwa mikononi mwa mataifa ya wenyeji ambayo Ufaransa haikuwahi kuyashinda. Kilichouzwa hasa ni haki ya kulidai eneo hilo mbele ya nchi nyingine za Ulaya. Ndiyo maana Marekani ililipa tena: kwa mkataba wa mwaka 1808, watu wa Osage, mojawapo ya mataifa hayo ya wenyeji, waliachia sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas za leo, kwa malipo madogo mno.

Shangwe nazo hazikuwa za wote. Seneti iliridhia kwa kura 24 dhidi ya 7. Wapinzani, hasa wa kaskazini mashariki, walihofia majimbo mapya ya magharibi yangewapunguzia nguvu. Kichekesho ni kwamba chama tawala, kilichozoea kuhubiri kwamba serikali kuu isivuke yaliyoandikwa kwenye Katiba, ndicho kilichopitisha ununuzi ambao Katiba haikuutaja.

Anayetaka kuhakikisha asome mkataba wenyewe wa ununuzi wa 1803, unapatikana bure mtandaoni. Kifungu cha 6 kinaitaka Marekani iheshimu mikataba ya Hispania, iliyolishika eneo hilo kabla ya kulirudisha kwa Ufaransa, na wenyeji hadi wakubaliane mingine. Halafu afungue mikataba ya miaka iliyofuata, aone ni vipande gani vya eneo hilohilo vilinunuliwa upya, na kutoka kwa nani.