Romingi ya baharini: maana yake, na kwa nini salamu za melini ni ghali

Meli ya utalii ikishang'oa nanga pale Barcelona jioni, kwa muda wa mwanzo simu yako haishtuki. Bado inasoma mtandao wa Hispania, WhatsApp inaingia, mama yuko Tanga anauliza mmekula nini. Kisha vijiti vya mtandao vinapungua kimoja kimoja, vinaisha, simu inakaa kimya. Halafu, katikati ya maji matupu, hakuna mnara wala kisiwa, vijiti vinarudi vimejaa. Asiyejua hushukuru Mungu na kupiga nyumbani. Anayejua hutazama kwanza jina lililoandikwa juu ya kioo. Si la Hispania tena. Linaweza kuwa "Cellular at Sea", au "Telenor Maritime", au tarakimu tupu zinazoanzia 901.

Hiyo ndiyo romingi ya baharini: huduma ya simu inayotoka ndani ya meli yenyewe. Kwenye korido na kumbi kumefungwa vijimnara vidogo ambavyo huvioni, navyo vimeunganishwa na setilaiti kwa kuwa waya wa nchi kavu haufiki huko. Laini yako ikivishika, inahesabiwa imetoka kwa kampuni yako na kuingia kwenye mtandao wa watu wengine. Hao watu humpelekea gharama mwenye laini, yaani kampuni yako, na kampuni yako inakuletea wewe.

Romingi yenyewe si ngeni kwetu. Waliokaa Horohoro au Namanga wanaijua hata kama hawaiiti hivyo: umeketi upande wa Tanzania, hujavuka popote, simu inakuambia karibu Kenya, na vocha uliyoweka asubuhi imeliwa. Mnara wa jirani ulikuwa na nguvu kuliko wa kwenu, simu ikaufuata. Melini ni vivyo hivyo, ila jirani mwenyewe si nchi.

Hapo ndipo ile 901 inapoingia. Kila nchi duniani ina namba yake ya utambulisho wa mitandao ya simu. Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Oman 422. Namba 901 haikupewa nchi yoyote. Imetengwa kwa mitandao ya kimataifa isiyo na ardhi, ya setilaiti, ya ndege na ya meli. Kwa hiyo meli inaweza kuwa inapita mbele ya Italia, na wewe unaziona taa za mji kwa macho yako, lakini kwa hesabu ya simu hauko Italia. Uko 901, na 901 ina bei yake.

Wengi huponzwa na jambo hili hili. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alizoea kwamba tangu Juni 2017 mwenye laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya akienda nchi nyingine ya Umoja huo anapiga simu kwa bei ya nyumbani. Meli ilikuwa inatoka Hispania kwenda Italia, zote za Umoja, akaona hakuna la kuogopa. Nafuu ile ni ya minara ya nchi kavu. Mtandao wa meli haumo. Na kwa kuwa laini yake ni ya mkataba, ya kulipa mwisho wa mwezi, hakuna salio lililoisha likamzindua. Aliendelea kupokea simu za pole na hongera mpaka wakatia nanga, na kupokea nako hulipiwa ukiwa kwenye romingi. Sisi wa vocha tuna bahati kidogo: hasara yetu inaishia pale salio linapoishia.

Sasa tuitazame simu yenyewe ya melini, hasa kwenye meli zinazotumia setilaiti za mtindo wa zamani. Setilaiti hizo zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Sauti yako inapanda huko, inashuka mpaka kituo cha nchi kavu, ndipo inaanza safari ya kwenda Tanga. Kupanda na kushuka tu ni karibu robo ya sekunde. Jibu la mama nalo lipande, lishuke. Ukijumlisha, ni nusu sekunde au zaidi kati ya kusema kwako na kumsikia. Inaonekana kidogo. Ila jaribu kusalimiana Kiswahili ndani ya nusu sekunde hiyo:

— Shikamoo mama.
— ...
— Halo?
— Marahaba mwanangu, huja— halo? Unanisikia?
— Nakusikia, hamjam—
— Hujambo lakini? Na watoto?
— Sijambo. Endelea wewe.
— Haya, sema wewe.

Dakika imeisha, na hamjafika kwa wajomba. Mazungumzo yetu yamejengwa kwa kupokezana maneno mafupi mafupi, hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, na ucheleweshaji wa setilaiti unayagonganisha hayo kwanza kabla ya kitu kingine. Mwenye kulipa kwa dakika anaumia zaidi akiwa na adabu. Kwa maoni yangu ujumbe wa sauti unaifaa familia ya Kiswahili kuliko simu ya moja kwa moja ukiwa baharini: unasalimia wote kwa utaratibu, hakuna anayemkata mwenzake.

Kulipia salamu za melini, kwa kweli, kulianza kabla ya simu za mkononi. Abiria wa Titanic, meli iliyogonga barafu ikazama Aprili 1912, walikuwa wakituma simu za maandishi kupitia mitambo ya kampuni ya Marconi. Maneno kumi ya mwanzo yalikuwa shilingi 12 na peni 6 za Kiingereza, na kila neno la ziada peni 9. Usiku wa tarehe 14 mpiga mitambo Jack Phillips alikuwa na rundo la salamu za abiria za kupeleka kituo cha Cape Race, Newfoundland. Meli ya Californian ilipomwingilia kumwambia wamesimama, wamezungukwa na barafu, aliijibu inyamaze, ana kazi.

Turudi kwenye zama zetu. Kuna jambo watu hulichanganya, nami nalieleza mara kwa mara: mtandao wa simu wa meli na waifai ya meli ni vitu viwili, ingawa vyote hupitia angani. Mtandao wa simu unajiunga wenyewe bila kukuuliza, na bei yake unaijua baadaye. Waifai unaiingia kwa hiari, unaona bei kabla, unanunua bando la siku au la safari nzima. Kwa hiyo dawa ni ile alama ya kindege. Iwashe kabla meli haijaondoka bandarini, kisha iache ikiwaka na uwashe waifai peke yake. Simu itakataa kabisa kuishika 901, huku WhatsApp ikifanya kazi kama kawaida. Kuzima data pekee hakutoshi, kwa sababu simu za kawaida bado zitakuwa zinaingia.

Waifai yenyewe imebadilika sana karibuni. Mwaka 2022 kampuni za meli za utalii kama Royal Caribbean na Carnival zilianza kufunga Starlink, huduma ya intaneti ambayo setilaiti zake ziko chini, yapata kilomita 550 tu, na zipo nyingi zinazopokezana. Ule mgongano wa shikamoo na marahaba ukapungua mno, hata simu ya video ikawezekana. Ila uliza kabla ya kulipa. Mabando mengine ni ya ujumbe tu, na video haimo. Na usidanganyike na programu ya bure ya meli ambayo abiria huandikiana nayo. Hiyo inazunguka mle mle melini, inakusaidia kumtafuta mkeo yuko sitaha ya ngapi. Tanga haifiki.

Hali ya kindege ina gharama yake pia, na hii haisemwi sana. Laini yako ikiwa imezimwa, ujumbe mfupi wa kawaida haukufikii. Benki ikikutumia tarakimu za kuthibitisha muamala, zitabaki zinakusubiri nchi kavu. Menyu za pesa za simu, zile za nyota na reli, nazo zinataka laini iwe hewani. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada ukiwa siku tatu katikati ya bahari, utausoma ujumbe wa dada WhatsApp vizuri kabisa na pesa usiweze kutuma. Za dharura mwachie mtu mkononi kabla hujapanda.

Bandarini mambo hulegea. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya meli hutakiwa kuuzima mtandao wake ikikaribia sana pwani, usiingiliane na minara ya pale, na simu inarudi kusoma mtandao wa nchi. Mabaharia wetu wanaofanya kazi kwenye meli hizi wanalijua hili siku zote. Utawaona wakishuka kwa mapumziko ya saa mbili, hawaendi kwenye magofu wala makumbusho. Wako kwenye mkahawa wa kwanza wenye waifai ya bure, simu sikioni, kahawa moja.

Na saa, maana saa huwavuruga wengi. Meli ina saa yake, inayotangazwa na nahodha, na simu inaweza kujibadilisha kivyake kwa kufuata mnara uliopita karibu. Kiangazi cha Ulaya, Barcelona iko nyuma ya Tanga kwa saa moja, lakini meli ikifika Ugiriki mmelingana. Ukimwambia mama utapiga saa mbili usiku, mwambie ni saa mbili ya kwake. Hesabu ya kugeuza ifanye wewe, yeye asihangaike nayo.

Kwa jambo zito, kampuni nyingi za meli zina namba ya simu ambayo familia inaweza kupiga ili ujumbe ufikishwe melini. Wanachohitaji kuwa nacho ni jina kamili la meli, tarehe ya safari na namba ya chumba chako. Viandike kwenye karatasi, ubandike pale kwenye friji.

Vijana wa nyumbani, bila shaka, wataitafuta meli kwenye tovuti za ramani kama MarineTraffic. Inawezekana kwa kuwa kila meli ya abiria kwenye safari za kimataifa hulazimika kurusha AIS, mawimbi yanayotaja jina lake, mahali ilipo na mwendo wake. Mawimbi hayo hunaswa na antena za pwani, na upande wa bure wa tovuti hizo hutegemea zaidi antena hizo. Meli ikiingia bahari kuu, kile kialama kinabaki pale kiliponaswa mara ya mwisho, hata siku nzima. Waambie mapema. La sivyo utawasha waifai asubuhi ukute ujumbe arobaini kwenye kundi la familia, wa kwanza unauliza mbona meli imesimama, na wa mwisho ni wa shangazi, ameshaanza kusoma dua.